Sauti Nyingi Katika Masafa Yaleyale: Usikivu wa Redio Usiku Katika Uwanda wa Makonde

Utangulizi

Wanaoandika historia ya utangazaji katika Afrika Mashariki wamezoea kuanzia kwenye mitambo. Hutueleza kwamba kituo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1951, kwamba Shirika la Utangazaji la Tanganyika liliundwa mwaka 1956, na kwamba mwaka 1965 Serikali iliunda Redio Tanzania mahali pa shirika hilo. Hayo yote ni kweli na yana nafasi yake. Hata hivyo, historia inayomtazama msemaji peke yake ni nusu ya historia. Upande wa pili ni wa yule aliyeketi barazani usiku, redio mapajani, akijaribu kutambua ni nani anayesema naye.

Katika makala haya tunakusudia kuitazama historia hiyo kutoka Mkunya, wilayani Newala, ambako tulikulia katika miaka ya 1980. Hoja yetu ni kwamba watu wa uwanda wa Makonde walijifunza mapema jambo ambalo sisi wahudumu wa Neno tungali tunajifunza: kuyapata masafa si sawa na kumjua anayesema.

1. Mahali na anga lake

Newala imekaa ukingoni mwa uwanda, juu ya bonde la mto Ruvuma, na kutoka hapo macho huona hadi Msumbiji. Kwa mstari ulionyooka, Dar es Salaam iko umbali wa takriban kilomita 460 kaskazini. Nampula, ng'ambo ya Ruvuma, nayo iko takriban kilomita 460 kusini. Moroni, katika visiwa vya Komoro, ni karibu zaidi kidogo kuliko zote mbili. Kwa hiyo, mtu wa Newala ambaye kwa serikali na shule alitazama kaskazini, kwa hesabu ya anga alikaa katikati kabisa ya mataifa.

Mchana jambo hilo halikuonekana. Mawimbi ya masafa ya kati husafiri kando ya uso wa ardhi na hudhoofika kadiri yanavyokwenda mbali. Yale yanayopanda juu humezwa na tabaka la anga lililo kati ya kilomita 60 na 90 kutoka ardhini, tabaka ambalo huwapo kwa nguvu ya jua. Jua likizama, tabaka hilo hutoweka. Hapo mawimbi hufika kwenye matabaka ya juu zaidi, nayo huyarudisha ardhini mamia, na hata maelfu, ya kilomita kutoka yalikoanzia. Mwingereza Edward Appleton alithibitisha kuwapo kwa tabaka linalorudisha mawimbi kwa majaribio yaliyoanza mwaka 1924, na kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Hapana budi kuongeza sababu ya pili, nayo ni ya kibinadamu. Mataifa ya Afrika, Ulaya na Asia yalikutana Geneva mwaka 1975 na kugawana masafa hayo. Mpango wao, ulioanza kutumika tarehe 23 Novemba 1978, uliweka hatua za kilohezi 9, kuanzia 531 hadi 1602. Ukihesabu utapata nafasi 120 tu, nazo zilitakiwa kutosha maelfu ya vituo. Ilikuwa lazima vituo vingi vipewe masafa yaleyale, kwa kutegemea umbali uvitenganishe. Mchana umbali ulivitenganisha. Usiku anga lilivikutanisha.

Matokeo yake kila msikilizaji wa enzi hizo anayakumbuka. Sauti ya nyumbani ilififia polepole kama mtu anayeondoka, na nyingine ikapanda mahali pake. Pengine zote mbili zilisikika pamoja. Mitambo miwili ikitofautiana kidogo tu katika masafa yake, katikati yao hutokea mluzi mwembamba usiokoma. Na katika majira ya mvua, mikwaruzo ya radi za mbali ilifunika yote.

2. Ng'ambo ya Ruvuma

Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, vilivyoanza Septemba 1964, suala la sauti mbili halikuwa la anga peke yake. Kutoka Dar es Salaam, FRELIMO ilirusha matangazo yake kupitia mitambo ya Redio Tanzania. Kutoka Lourenço Marques, Rádio Clube de Moçambique ilitangaza kwa Kireno, na kwa lugha za Kiafrika pia, ili kuwavuta wenyeji upande wa wakoloni. Ndani ya Msumbiji, kuisikiliza FRELIMO lilikuwa jambo la hatari, lililofanywa kwa siri na kwa sauti ya chini.

Upande wetu wa mto walifika wakimbizi, wengi wao Wamakonde, watu wa lugha moja na wenyeji wao. Walutheri wanapaswa kukumbuka kwamba shirika la Kikristo la kuwahudumia wakimbizi Tanganyika, TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Walutheri Duniani, lilifanya kazi katika makazi yao, kama vile Rutamba mkoani Lindi. Kwa wakimbizi hao redio ilikuwa njia ya kujua kama kijiji walichokiacha bado kipo. Walisikia pande mbili zikidai ushindi uleule, kila moja ikisema kwa niaba yao. Iliwapasa kupima: nani anataja mahali tunapopajua? Nani anaona aibu kutaja wafu wake?

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na Oktoba ya mwaka huo ikaundwa Rádio Moçambique. Ndiyo Kireno tulichokisikia utotoni, kikipanda usiku juu ya sauti ya Dar es Salaam.

3. Sauti ya Injili

Kanisa nalo lilikuwa angani. Mwaka 1963, mwaka uleule makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa kanisa moja la Tanganyika, Shirikisho la Walutheri Duniani lilifungua Addis Ababa kituo cha Sauti ya Injili. Kilitumia masafa mafupi, yaendayo mbali zaidi, na vipindi vyake vya Kiswahili vilitayarishwa katika studio ya Moshi.

Tarehe 12 Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitwaa kituo hicho. Mitambo haikubomolewa. Ilipewa jina jipya, Sauti ya Ethiopia ya Mapinduzi, ikaendelea kunguruma. Tunawaomba wanafunzi watafakari tukio hili kwa makini. Minara ni ileile na nguvu ya umeme ni ileile, bali anayesema ni mwingine. Msikilizaji aliyeutegemea mshale wa redio yake peke yake asingekuwa na namna ya kujua kilichotokea, isipokuwa aliifahamu sauti yenyewe. Aidha, Kanisa lilijifunza kwamba nguvu ya mitambo si uthabiti. Kilichodumu ni studio ya Moshi na watu wake, na hata leo jina la Sauti ya Injili linabebwa na redio ya Kanisa mjini humo.

4. Tangazo la msiba

Turudi Mkunya. Mjomba wetu alikuwa na redio, na kila siku saa mbili usiku majirani walikusanyika kusikiliza taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Kwa familia zilizotawanyika kutafuta kazi, matangazo hayo ndiyo yaliyoleta habari kabla ya barua.

Usiku mmoja mtangazaji alianza kuwataja ndugu wa marehemu walioko Newala. Jina la ukoo lilikuwa letu. Kabla jina la marehemu halijatajwa, sauti ilififia na Kireno kikapanda. Iliporejea, tangazo lilikuwa limekwisha. Hakukuwa na wa kulaumiwa, kwani ndivyo anga la usiku lilivyo. Mama alianza kulia, bila kujua anamlilia nani. Mjomba akamzuia kwa upole: "Dada, tusimzike mtu ambaye hatujaambiwa jina lake." Akachukua tochi, akaenda kijiji cha jirani, na mwingine akatumwa upande wa pili.

Walirudi karibu na usiku wa manane. Mmoja alimpata mzee aliyesikia jina la kwanza. Mwingine alimpata mtu aliyesikia mahali na siku ya maziko. Vipande viwili vikaunganishwa, tukajua ni nani. Hapo ndipo kilio kikaanza, na alfajiri watu wakaondoka kwenda kuzika. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba penye wazee haliharibiki neno.

Hitimisho

Katika 1 Samweli 3 kijana anaitwa usiku, na mara tatu anadhani sauti ni ya mwingine. Masikio yake hayakuwa na kasoro. Alisikia vizuri, akakosea msemaji. Eli, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, ndiye aliyemsaidia kutambua. Tunadhani watu wa uwanda wa Makonde wangeielewa sura hiyo bila mfafanuzi.

Leo redio za FM husikika safi bila mluzi, na simu zimeleta sauti nyingi hadi mkononi. Usafi huo una hatari yake. Mikwaruzo ilimkumbusha msikilizaji kwamba sauti imetoka mbali na inahitaji kupimwa. Sauti safi haimkumbushi hivyo. Washarika wetu husikia wahubiri wasiowajua, nao hulilia misiba isiyo na jina. Mchungaji hawezi kuzima sauti hizo. Anaweza kufanya alivyofanya mjomba: kumzuia mtu kwa upole asiamini nusu ya tangazo, kisha kuchukua tochi na kutembea kwa majirani.

Hatimaye, tunalo ombi kwa wanafunzi watakaopangiwa kazi kusini. Aliyekuwa na miaka 20 vita vya Msumbiji vilipoanza, leo amepita miaka 80. Keti naye, umwulize alisikia nini usiku, kutoka wapi, na alijuaje nani wa kuaminiwa. Yaandike majibu yake, na jina la kijiji chake, kabla sauti yake haijafifia.