Ramani ya Kompyuta Inaishia Ruvuma

Julai 7 ikikaribia, Siku ya Kiswahili Duniani, matangazo ya vyuo vikuu huanza kumiminika: kongamano la Kiswahili na teknolojia, warsha ya kuhifadhi miswada kidijitali, nafasi ya masomo kwa atakayechunguza Kiswahili na akili unde. Huwa nayasoma hadi mwisho nikitafuta neno moja tu. Palma. Au Mocímboa. Au basi Rongui, hicho kisiwa kidogo cha wilaya ya Palma, Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, jirani na Tecomaji na Vamizi, ambako mtu wa Mtwara akishuka kwenye dau hahitaji mkalimani ili auze samaki wake. Bado sijaliona.

Kuelewa kwa nini, yafaa turudi kwenye mashine yenyewe.

Kompyuta ya kwanza iliingia Tanzania mwaka 1965, ikawekwa Wizara ya Fedha. Mtaalamu Klodwig Mgaya, aliyeiandika historia hiyo mwaka 1994 na ambaye namfuata kwa karibu hapa, anasema kufikia 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Zilikuwa mashine za kuchukua chumba kizima, zinazolishwa kadi zilizotobolewa matundu. Wizara ilitaka hesabu zote za serikali zipite humo. Lakini wenyeji wenye ujuzi wa kuziendesha walikuwa wachache mno, kazi ikaachiwa wageni, na mfumo ukakwama. Hesabu zikavurugika, fedha nyingi zikawa zimekwenda na maji.

Serikali ikakasirika. Mwaka huo huo wa 1974 ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, na televisheni nazo zikakumbwa na amri hiyo hiyo. Aliyehitaji mashine ilimbidi aombe kibali maalumu na aeleze anaitakia nini. Kilichochekesha ni kwamba wakati Bara televisheni ni haramu, Zanzibar, sehemu ya Jamhuri hiyo hiyo, watu walikuwa wanatazama televisheni ya rangi. Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990.

Siku hizi ukisimulia kisa hiki vijana wanacheka. Mimi sicheki. Nchi ilikuwa inahesabu kila senti ya fedha za kigeni, imeuziwa mashine isiyoiweza, na aliyeiuza hakuwapo wakati wa kulipia hasara. Wataalamu wa lugha waliwahi hata kupendekeza kompyuta iitwe "ngamizi", na kila nikilisikia neno hilo nadhani aliyelibuni alikuwa anafikiria vitabu vya hesabu vya Wizara ya Fedha vilivyoangamia. Hata hivyo amri ile ilikuwa na gharama ambayo Hazina haikuiandika popote: Kiswahili kilipofika umri wa kuingizwa kwenye kompyuta, nyumbani kompyuta zilikuwa adimu.

Kikaenda kulelewa Helsinki.

Mwaka 1985, Arvi Hurskainen wa chuo kikuu cha huko Finland alianza kutengeneza programu ya kukichambua Kiswahili, ambayo baadaye ilipewa jina la SALAMA. Kazi haikuwa nyepesi. Chukua neno "hawakumwandikia". Mtoto wa darasa la pili analielewa bila kufikiri. Lakini ukilitafuta kwenye kamusi kwenye herufi H hulipati, kwa kuwa kamusi imeliweka kwenye A, chini ya "andika". Ha, wa, ku na mw zimekaa mbele, i imejipenyeza nyuma, na kila kimoja kina kazi yake: kukanusha, mtendaji, wakati, mtendewa, kutendea. Mashine haikuzaliwa na mama Mswahili. Wakati huo ilibidi ionyeshwe kila kipande kwa mkono.

Kati ya 1988 na 1992 Helsinki ilishirikiana na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kurekodi lahaja na masimulizi ya wazee kwenye kanda. Kazi ilifanyika Tanzania. Kinasa sauti hakikuvuka mto Ruvuma, mpaka wa Tanzania na Msumbiji.

Mengine yanajulikana. Kamusi ya intaneti ilianzishwa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili, na hiyo ni fahari yetu tusiyoitaja vya kutosha. Hazina ya matini ya Helsinki, iliyokuwa na maneno milioni 12 na nusu, ilifikia milioni 25 mwaka 2016.

Lakini je, Ruvuma ni mpaka wa lugha pia? Hata kidogo. Mpaka huo ulichorwa na Wajerumani na Wareno mwaka 1886, na mwaka uliofuata Wareno wakaipiga mizinga ghuba ya Tungue, ambamo ndimo ilimo Palma, wakamnyang'anya Sultani Barghash wa Zanzibar. Siku moja Palma iko chini ya bendera ya Unguja, siku ya pili iko chini ya Lisbon. Watu ni wale wale, chuo cha Kurani ni kile kile, na barua ziliendelea kuandikwa kama zamani kwa herufi za Kiarabu.

Barua hizo zipo. Masheikh na masultani wa pwani ya kaskazini mwa Msumbiji waliwaandikia maofisa wa Kireno katika karne ya 19, na nyingi zimehifadhiwa Maputo katika Hifadhi ya Kihistoria ya Msumbiji, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane. Watafiti kama Liazzat Bonate na Chapane Mutiua wamezishughulikia kwa miaka. Kuzisoma ni jasho. Katika mwandiko wa zamani herufi ya "be" moja inaweza kuwa b, p au mb. "Fe" ikawa f au v. Msomaji anakisia kwa kuijua lugha, na lugha yenyewe haimo kwenye mashine. Kimwani, kinachosemwa kwenye pwani hiyo, kimepewa msimbo wake wa kimataifa, wmw, na Kimakwe cha Palma wake, ymk, kwa hiyo kwa kompyuta, hizo ni lugha za kigeni kabisa. Wataalamu bado wanabishana kama Kimwani ni lahaja ya Kiswahili au jamaa yake tu. Sarufi kamili ya Kimakwe tunayo, imechapishwa mwaka 2008. Aliyeiandika ni Maud Devos, Mbelgiji.

Tangu Oktoba 2017 vita vimeichana pwani hiyo. Mocímboa da Praia ilishikiliwa na waasi kwa mwaka mzima, Palma ikavamiwa Machi 2021, na maelfu ya watu walikimbia kwa miguu na kwa mashua. Anayekimbia hubeba mtoto na sufuria. Sanduku la karatasi za babu hubaki. Hata zinazonusurika vita huwa hatarini kwa sababu ya heshima: karatasi yenye herufi za Kiarabu haitupwi jalalani, ikichakaa huchomwa au huzikwa, na hakuna anayesimama kuuliza kama ni aya ya Kurani au ni barua ya madai ya mashamba ya minazi.

Wakuu wa vyuo wanaotangaza nafasi zao mwaka huu watenge walau moja kwa kijana wa Cabo Delgado, tena wasimdai cheti cha Kiingereza kabla ya kumuuliza kama anajua kusoma mwandiko wa babu yake. Nawe msomaji, uwe Palma, Pemba ya Msumbiji au kwa ndugu Mtwara, kama nyumbani kuna karatasi za namna hiyo, usizichome kwanza. Zipige picha kwa simu mchana, nje, bila kuzikunjua kwa nguvu, na uandike jina la aliyekuwa nazo na kijiji chake.