Msaada na Deni: Habari za Nchi Yetu Tangu Uhuru

Katika sheria ya kale ya Waisraeli mwaka wa hamsini ulikuwa mwaka wa Jubilei. Baragumu ilipigwa katika nchi yote. Mtu aliyeuza shamba la baba zake kwa ajili ya umaskini alirudishiwa, na aliyejiuza kuwa mtumishi aliachiliwa akarudi kwa jamaa zake. Basi, kwa kuwa kitabu hiki ni cha Jubilei, tumeona yafaa kuwaandikia ndugu zetu wa parokia zote, na hasa walimu wenzetu, habari za msaada na deni: jinsi nchi yetu ya Tanzania ilivyosaidiwa na mataifa mengine, jinsi ilivyoingia katika deni, na jinsi sehemu ya deni lile ilivyofutwa. Habari hizi si za wakubwa wa serikali peke yao, maana zilifika hata kisimani na darasani kwetu.

Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Wakati ule madaktari na wahandisi wenyeji walikuwa wachache mno, wala hazina haikuwa na fedha za kutosha kujenga barabara, shule na hospitali. Kwa hiyo mpango wa miaka mitano ulioanza mwaka 1964 ulitazamia kwamba sehemu kubwa ya fedha za maendeleo za serikali itoke ng'ambo. Haikuwa aibu kuomba. Walakini haukupita muda mrefu tukajifunza kwamba mkono utoao waweza pia kuvuta.

Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na Zanzibar palikuwapo ubalozi wa Ujerumani ya Mashariki. Ujerumani ya Magharibi, iliyokuwa ikitusaidia, haikupenda taifa lo lote litambue ile nyingine. Serikali yetu ikatafuta njia ya katikati, ikaruhusu Ujerumani ya Mashariki iwe na konseli tu katika Dar es Salaam, si balozi. Hata hivyo, mapema mwaka 1965 Ujerumani ya Magharibi iliondoa kwa ghafula msaada wake wa kijeshi. Mwalimu Julius Nyerere akajibu kwamba na wachukue msaada wao mwingine wa serikali uliobaki. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule tulivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, kwa kuwa haikuwazuia walowezi wa Rhodesia ya Kusini waliojitwalia utawala. Na mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umetengwa kwa ajili yetu ukazuiliwa. Hasara hii ilikuwa ya kweli. Zilikuwapo kazi zilizongoja fedha zile, na watu waliozihitaji kazi zile hawakuulizwa.

Baada ya mambo hayo likaja Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Azimio lilifundisha kwamba ni kosa kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo, na kwamba zawadi na mikopo ya wageni yaweza kuuhatarisha uhuru wa taifa. Watu waliyasikia mafundisho haya wakayaimba. Lakini yatupasa kusema kweli: katika miaka kumi iliyofuata msaada wa kigeni haukupungua nchini mwetu, bali uliongezeka sana, kwa maana mataifa mengi yalivutwa na nchi iliyosema itajitegemea.

Kati ya misaada yote ya wakati ule, iliyo maarufu ni reli ya Uhuru kati ya Tanzania na Zambia. Benki ya Dunia na mataifa ya Magharibi walikataa kuijenga, wakisema haitaleta faida. Uchina ilikubali mwaka 1967, ikatoa mkopo usio na riba wa kulipwa kwa miaka thelathini. Kazi ilianza mwaka 1970, njia ikatandikwa kilometa 1,860 toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, nayo ikakabidhiwa kwa nchi hizi mbili mwaka 1976. Baadhi ya Wachina waliokufa katika kazi ile wamezikwa Gongo la Mboto. Reli ilimsaidia jirani yetu Zambia kupitisha shaba yake pasipo kuwategemea walowezi wa kusini. Lakini baada ya wajenzi kuondoka, injini zilichakaa, vipuri vikakosekana, na shehena ikapungua mwaka hata mwaka. Kujenga ni kazi moja. Kutunza ni kazi nyingine.

Fundisho hilo hilo sisi tuliliona karibu zaidi, katika habari ya maji. Mwaka 1971 serikali iliweka shabaha kwamba kwa muda wa miaka ishirini kila mtu wa kijijini apate maji safi mahali pasipozidi mita 400 toka nyumbani kwake. Mataifa rafiki yaligawana mikoa: Sweden ilichukua Mwanza, Mara na Kagera, Finland ikachukua Mtwara na Lindi, Denmark Iringa, Mbeya na Ruvuma, Uholanzi Shinyanga na Morogoro, Norway Rukwa na Kigoma. Maji yalitolewa bure, nalo lilikuwa jambo jema. Illa hakuna aliyejibu swali dogo: pampu ikiharibika, ni nani ataitengeneza, na kwa fedha gani?

Sisi tuliozaliwa karibu na wakati wa vita ya Kagera twalikumbuka vema tangi la kijiji chetu. Mashine yake ilisimama kwa kukosa mafuta ya dizeli na kifaa kimoja kidogo, na tangu siku ile mama zetu walilipita tangi lile kila alfajiri wakienda mtoni na ndoo vichwani. Wazee walisema, "Mashine si yetu, wenyewe watakuja." Wenyewe hawakuja. Mwaka 1991 ulipofika, shabaha ilikuwa mbali bado. Na sera ya maji ya mwaka 2002 ikawataka wanakijiji waumiliki mradi wao, waunde chombo cha kuusimamia na kuchangia gharama za kuuendesha.

Wakati huo deni lilikuwa limekwisha kukua. Ukame ulikuja mwaka 1973 na 1974. Bei ya mafuta ikapanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Kisha vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979 ikamaliza akiba. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka thamani ya shilingi ishushwe na matumizi ya serikali yapunguzwe. Mwalimu alikataa, na watu wa miaka ile waijua bei ya kukataa kule, maana sabuni, sukari na nguo zilikuwa adimu madukani. Baada yake Rais Ali Hassan Mwinyi alipatana na Shirika lile mwaka 1986. Bidhaa zikarudi, lakini shule nazo zikadai karo na michango. Tulikuwa watoto, twawakumbuka wenzetu waliorudishwa nyumbani kwa kukosa fedha, na wengine hawakurudi tena darasani.

Tusiwalaumu wageni peke yao. Mwaka 1994 wafadhili walizuia fedha zao, kwa sababu wenye biashara kubwa walisamehewa kodi ovyo, na serikali haikukusanya haki yake. Mwaka 1995 kundi la wataalamu, wakiongozwa na Gerald Helleiner wa Canada, lilitoa taarifa iliyoonya pande zote mbili: serikali kwa kuiachia kazi yake, na wafadhili kwa kuishika kazi isiyo yao.

Ndipo likatokea jambo linalotukumbusha baragumu ya kale. Wakristo na watu wengine wa nchi nyingi walidai kwamba ifikapo Jubilei ya mwaka 2000 nchi maskini zisamehewe madeni yasiyolipika. Tarehe 16 Mei 1998 watu wapata 70,000 walishikana mikono katika mji wa Birmingham, Uingereza, wakuu wa mataifa tajiri walipokutana huko. Mwaka 2001 Tanzania ilipata msamaha wa karibu dola bilioni 3, wa kutimizwa kwa miaka mingi, na mwaka 2006 ikapata msamaha mwingine. Mwaka 2001 karo ya shule za msingi iliondolewa, na wanafunzi waliokuwa karibu milioni 4.4 mwaka 2000 wakawa karibu milioni 8 mwaka 2006. Madarasa yalijaa kupita kiasi, nasi walimu tulitaabika. Lakini hatukumrudisha mtoto nyumbani kwa ajili ya karo.

Msamaha ule haukutufundisha kuishi pasipo kutegemea. Mwaka 2025 Marekani ilivunja shirika lake la misaada, na kazi nyingi za afya katika Afrika zikatikisika kwa siku chache tu. Wazee walikwisha kusema: Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Je, tukatae msaada? La. Daktari aliyemponya mtoto wetu tumshukuru, hata akiwa mgeni. Lakini habari hizi za miaka zaidi ya sitini zatupa maswali mawili ya kuuliza kabla ya kupokea. La kwanza: tukiona neno lisilo la haki, tutaweza kumwambia mtoaji, Hapana? La pili: akiisha kuondoka, tutaweza kukitunza alichotuachia? Maswali haya si ya mawaziri tu. Yaulizwe katika kamati ya maji, katika kamati ya shule, na katika baraza la parokia, kila mara gari la mgeni lifikapo na habari njema. Na siku ile mgeni atakapoaga, awepo mtu wa kwetu mwenye ufunguo wa mashine mkononi, anayejua kuutumia, na mfuko wa kijiji uwe na bei ya kile kifaa kimoja kidogo.