Kasha la Vioo Bila Mashine: Watu wa Zamani Walifanyaje?

Wandugu wanachama, katika kikao kilichopita tuligawanyika juu ya lile kasha la vioo la samaki tulilowawekea watoto wa shule. Samaki wamekufa mara tatu sasa. Wengine wetu walisema tutoe pesa ya mfuko, tununue pompi na paneli ya jua. Wengine walisema hapana, vioo viuzwe, pesa irudi kwa wajane na wagonjwa. Hakuna aliyesema upuuzi, maana pesa ya mfuko ni jasho. Lakini mbele ya kupiga kura tumeona vizuri tueleze hapa namna watu walivyofuga samaki ndani ya vioo wakati umeme haukuwa hata kwenye nyumba za matajiri.

Mambo yanaanzia kwenye hewa. Mwaka 1771 Mwingereza Joseph Priestley aliacha mshumaa uwake ndani ya chombo kilichofunikwa mpaka ukazimika. Kiisha akaingiza humo tawi la mnanaa. Siku kadhaa zilipopita, mshumaa uliweza kuwaka tena mle ndani. Mwaka 1779 daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz, akaonyesha kwamba mmea unafanya kazi ile kwa mwanga tu. Usiku nao unachafua hewa sawa vile sisi. Neno hilo la usiku mlikumbuke, tutalirudia.

Kutoka hapo mpaka kwenye samaki ilipita miaka mingi. Katika miaka ya 1840 mama mmoja wa London, Anna Thynne, alikuwa na matumbawe hai nyumbani, ndani ya maji ya bahari. Ili maji yapate hewa, mtumishi alisimama dirishani akiyamimina kutoka chombo hiki kwenda chombo kile, siku kwa siku. Kumbe pompi ya kwanza ilikuwa mikono ya mtumishi! Mwenye kasha akasifiwa.

Aliyefanya jambo linalotuhusu sisi ni Robert Warington, mtaalamu wa kemia katika jumba la watengeneza dawa, London ile ile. Mwaka 1849 alichukua chombo kikubwa cha kioo, cha lita kama 54, akakijaza maji ya chemchemi nusu tu. Chini aliweka mchanga, matope na mawe ili samaki wapate kivuli cha kujificha. Alipanda majani marefu kama utepe, yale wataalamu wanayaita Vallisneria, akatia samaki wadogo wawili wa rangi ya dhahabu. Wawili tu! Juu alifunika kitambaa chepesi ili masizi ya mji yasiingie.

Mwanzoni ilikwenda vizuri. Halafu majani ya zamani yakaanza kuoza, maji yakawa machafu, utelezi wa kijani ukashika vioo. Hapo Warington hakumwaga maji. Alitia konokono watano au sita, wakala yale majani mabovu na utelezi. Mayai yao nayo yakawa chakula cha samaki. Maji yakatulia, naye akatangaza habari hizo mwaka 1850.

Baada ya hapo Uingereza ilishikwa na homa ya samaki. Kodi ya vioo ilikuwa imefutwa mwaka 1845, bei ikashuka. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa watu wote, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake juu ya makasha hayo. Kila sebule ikataka lake. Lakini wengi walijaza samaki wengi kupita kiasi, wakaliweka kasha dirishani kwenye jua kali. Maji yakageuka kijani kama supu ya mboga, samaki wakafa, nyumba ikanuka. Miaka ya 1860 ilipokuwa inaisha, homa ilikuwa imepoa na makasha mengi yamewekwa pembeni. Tukisoma hayo tunacheka kidogo, kiisha tunanyamaza, juu ya kasha letu.

Warington mwenyewe hakujua kila kitu. Alifikiri kazi yote ni ya majani na konokono. Mtoto wake, naye Robert Warington, alikuwa na miaka kama kumi na moja baba alipokuwa anachungulia kile chombo. Alipokua alifanya kazi Rothamsted, shamba la utafiti la Uingereza, akaonyesha kwamba kuna viumbe vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vinavyogeuza sumu ya mkojo na uozo kuwa mbolea ya mimea, tena kwa hatua mbili. Yeye alikuwa anatafuta habari za udongo wa mashamba. Lakini viumbe hivyo hivyo vinakaa kwenye mchanga na mawe ya kasha la samaki. Ukivisugua kwa sabuni umeviua, na samaki watakunywa uchafu wao wenyewe.

Na ile habari ya usiku: majani yanapoacha kazi, hewa inaingia kwa uso wa maji. Ndiyo maana kasha pana na fupi linabeba samaki kuliko kasha jembamba na refu, hata kama maji ni sawa. Waingereza na Waholanzi wa baadaye walifuata njia hiyo miaka mingi: udongo chini, majani tele, samaki wachache. Shida yao kubwa ilikuwa baridi. Wengine waliwasha moto wa gesi chini ya kasha, samaki wa nchi za joto wasigande. Sisi shida hiyo hatuna.

Mwaka 1999 Mmarekani Diana Walstad aliandika kitabu kizima juu ya udongo wa kawaida, mwanga wa dirisha na majani mengi. Watu waliokwisha kununua mashine za bei kali walishangaa. Kwetu sisi ni Warington yule yule, na mtoto wake ndani.

Sasa tuseme linalotuuma. Samaki waliopendwa ndani ya makasha ya Ulaya, wengine walitoka kwetu. Yule wa mto Kongo mwenye rangi za upinde wa mvua, Phenacogrammus interruptus, alipewa jina la kitaalamu London mwaka 1899 na George Boulenger. Mwanzo wa miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard, ambaye mbele alikuwa Kinshasa, alihamia Burundi akaanza kupeleka ng'ambo samaki wadogo wa mawe wa ziwa Tanganyika. Waliozama kuwakamata walikuwa vijana wa kando ya ziwa. Samaki walipanda ndege ndani ya mifuko ya plastiki, wakaenda kuangaliwa na watoto wa mbali. Watoto wetu wa 1996 walivuka ziwa lile lile usiku, wakakulia Nyarugusu na Lugufu, na samaki waliyemfahamu ni dagaa mkavu. Meli za kuturudisha Baraka zilianza 2005. Kuna kijana aliyeteremka bandarini hajui kuhe akiwa hai anafananaje. Kasha liliwekwa kwa ajili ya huyo, hatukuliweka kwa pambo.

Na makosa ni yetu. Tulitia samaki ishirini. Tuliweka kasha barazani, jua la saa nane linapiga. Kila Jumamosi tulimwaga maji yote tukasugua changarawe kwa sabuni ya unga, tukafikiri ndiyo usafi.

Pendekezo letu kwa kikao kijacho: pesa ya mfuko isiguswe, lakini vioo visiuzwe bado. Kasha lihamie ndani, karibu na dirisha la upande wa asubuhi. Udongo wa bustani usio na mbolea uwekwe chini, mchanga juu yake, na majani ya utepe, ambayo yanaota hata kwenye ziwa letu, yapandwe mwezi mzima mbele ya samaki kuingia. Samaki wawe watatu, wadogo. Maji yabadilishwe robo tu, kwa ndoo, tena yawe ya ziwani.

Konokono tusiige. Wa London walikuwa wa London. Huku kwetu konokono wa maji yaliyosimama anaweza kubeba bilharzia, na mtoto asitumwe kinamasini kumtafuta. Majani yaliyooza tutayatoa kwa mkono, na mkono unawe. Nani atashika zamu ya wiki ya kwanza? Jina lake lifike kwa katibu kabla ya Jumapili.