Deni Lako na Barua ya Kazi: Historia Fupi

Majuzi mteja mmoja aliniomba niongeze kisanduku kimoja kwenye fomu ya maombi ya kazi niliyokuwa nikimtengenezea. Kisanduku chenyewe ni kidogo tu: mwombaji apakie cheti cha CRB kabla ya kubonyeza "Tuma". Kazi zilizokuwa zikitangazwa hazikuwa za kushika pesa. Mbili zilikuwa za udereva na moja ya fundi wa mitambo. Nikamuuliza cheti hicho kitamwambia nini kuhusu dereva. Akanijibu, "Tujue kama ni mtu wa kuaminika."

Kwa mtu anayeandika programu, jibu kama hilo linakera kidogo. Data huwa inakusanywa kwa kusudi fulani, na ukiihamishia kwenye kusudi jingine lazima uipime upya. Kwa hivyo nikaanza kusoma: ni nani wa kwanza kuamua kwamba rekodi ya madeni inaweza kusoma moyo wa mtu? Wengi wetu hapa Kenya tunadhani jambo hili limeletwa na CRB, ama na mikopo ya simu. Sivyo. Mizizi yake iko New York, tangu mwaka 1841, na aliyeipanda hakuwa tapeli. Alikuwa mtu wa dini.

Jina lake Lewis Tappan. Yeye na kaka yake Arthur walikuwa wafanyabiashara wa hariri, na tena walikuwa wapinzani wakali wa utumwa. Huyu Lewis ni mmoja wa waliopigania Waafrika wa meli ya Amistad mahakamani mpaka wakaachiliwa huru, mwaka huohuo wa 1841. Lakini biashara yao ilikuwa imepata pigo. Mwaka 1837 uchumi wa Marekani uliporomoka, wateja waliochukua mali kwa mkopo wakashindwa kulipa, na nyumba ya akina Tappan ikasimamisha malipo. Wahenga wetu walishasema: kukopa harusi, kulipa matanga. (Methali hii bado utaikuta imebandikwa ukutani katika maduka mengi ya mitaani.)

Hebu fikiria tatizo la wakati ule. Mwenye duka anatoka Ohio, anafika New York, anataka shehena ya nguo kwa mkopo wa miezi kadhaa. Humjui, humjui baba yake, na hakuna simu ya kupiga. Utamwaminije? Tappan akafungua kampuni aliyoiita The Mercantile Agency. Akatafuta waandishi wa siri katika miji mbalimbali, wengi wao wakiwa mawakili, wamwandikie barua kuhusu wafanyabiashara wa huko kwao. Malipo yao makubwa yalikuwa kupewa kazi ya kudai madeni yakitokea. Barua zikifika New York, makarani walizinakili kwenye madaftari makubwa. Aliyelipa ada alikuja ofisini, akataja jina analolitaka, karani akamsomea. Kunakili ilikuwa marufuku. Mnaona? Hiyo ni hifadhidata kamili: kuna anayeingiza data, kuna anayeuliza, kuna ruhusa ya kusoma tu. Kilichokosekana ni umeme.

Sasa kilichoandikwa humo ndicho kinachonishangaza. Mali na madeni, ndiyo, lakini pia kama mtu analewa, anacheza kamari, ana mke wa namna gani, ukwe wake una pesa, anahesabiwa vipi mjini. Mfanyabiashara mmoja wa Norwalk, Ohio, aliyeitwa Beardsley, aliishtaki kampuni hiyo kwa kusambaza habari kwamba mkewe alikuwa anakaribia kudai talaka. Tabia ilihesabiwa kuwa sehemu ya dhamana, sawa na mtaji. Madaftari hayo, zaidi ya 2,500, yangalipo mpaka leo katika maktaba ya Baker ya Chuo Kikuu cha Harvard, na kampuni yenyewe baada ya kubadilisha wenyewe na kuungana na mshindani wake mwaka 1933 ndiyo hii inayoitwa Dun & Bradstreet.

Tappan alikuwa akipima wafanyabiashara. Waliompima mwananchi wa kawaida walikuja baadaye. Cator Woolford alikuwa mwenye duka la vyakula huko Chattanooga, Tennessee, aliyekusanya orodha ya wateja wanaolipa na wasiolipa kwa ajili ya wenye maduka wenzake. Mwaka 1899 yeye na ndugu yake Guy wakahamia Atlanta, wakaanzisha Retail Credit Company. Kitabu chao kilimgawa mteja katika mafungu: huyu hulipa upesi, huyu hulipa polepole, huyu auziwe kwa pesa taslimu. Ni lile daftari la mwenye kiosk, isipokuwa sasa kila mwenye kiosk mjini anasoma daftari moja.

Pesa nzuri zaidi hata hivyo ilikuwa kwa kampuni za bima ya maisha, na kwa waajiri. Wapelelezi wa Retail Credit walienda kwa jirani, wakauliza: Fulani anakunywa kiasi gani? Nyumbani kuna amani? Ana siasa gani? Kufikia miaka ya 1960 kampuni ilikuwa na mafaili ya mamilioni ya Wamarekani, na mwenye faili hakuwa na haki ya kuliona. Ulinyimwa kazi, basi, umenyimwa. Hukujua kwamba mama wa nyumba ya pili, ambaye mligombana kwa sababu ya mbwa, ndiye aliyekumaliza.

Profesa Alan Westin wa Chuo Kikuu cha Columbia alikuwa miongoni mwa waliolipigia kelele jambo hili, hasa aliposikia kwamba mafaili hayo yanataka kuingizwa kwenye kompyuta. Kumbuka ni wakati gani. Mwaka 1969 TransUnion ya Chicago, ambayo ilianza ikiwa ni kampuni mama ya shirika la kukodisha mabehewa ya reli, ilinunua ofisi ya mikopo iliyokuwa na kadi milioni 3.6 za karatasi katika makabati 400. Karatasi ina huruma yake: inapotea, inaliwa na panya, inachosha kuitafuta. Kompyuta haisahau.

Bunge la Marekani likapitisha sheria ya taarifa za mikopo, Fair Credit Reporting Act, iliyotiwa saini Oktoba 1970 na kuanza kazi Aprili 1971. Msukumo mkubwa ulitoka kwa Seneta William Proxmire. Sheria ilimpa mtu haki ya kujua kilichomo katika faili lake na kukipinga, ikaweka kikomo cha miaka 7 kwa habari nyingi mbaya. Lakini ilipoorodhesha sababu halali za kufungua faili la mtu, kando ya mkopo na bima, ikaweka pia ajira. Neno moja tu, na limekaa hapo zaidi ya nusu karne. (Hata kile kikomo cha miaka 7 hakihusu kazi za mshahara wa dola 75,000 kwa mwaka au zaidi.) Katikati ya miaka ya 1970 Retail Credit ikajibadilisha jina, ikawa Equifax.

Hapa ndipo naona mambo yalipogeuka. Polepole umbeya ulifutwa kwenye mafaili ya mikopo. Mambo ya mke, pombe na majirani yakatoka, yakabaki madeni: kadi, gari, nyumba, tarehe za kuchelewa. Ni hatua njema kabisa. Ila mwajiri aliyezoea kuuliza "ana tabia gani?" hakuacha swali lake. Aliendelea kuliuliza, sasa akiiuliza orodha ya madeni.

Na hesabu zenyewe zilitengenezwa kwa jambo jingine. Mwaka 1956 mhandisi Bill Fair na mwanahesabati Earl Isaac walianzisha kampuni yao huko California kwa dola 400 kila mmoja. Waliandikia wakopeshaji 50 wakubwa barua ya kueleza wazo lao la kumpa mkopaji alama kwa takwimu, akajibu mmoja. Alama yao ya jumla ya FICO, inayokwenda 300 hadi 850, ilitoka mwaka 1989. Inakisia kitu kimoja: uwezekano wa mtu kuchelewa kulipa deni. Kwa kazi hiyo imejaribiwa mara mamilioni, kwa sababu kila mkopo unaolipwa au usiolipwa ni jaribio. Kwa njia, wengi hudhani mwajiri wa Marekani anaonyeshwa alama hii. Haonyeshwi. Anapewa ripoti ya madeni iliyopunguzwa, anaisoma kwa macho yake na kuamua anavyoona. Kwangu mimi hilo ni baya zaidi, maana hata ile hesabu iliyopimwa haipo!

Mwaka 1996 sheria ilirekebishwa: mwajiri lazima apate idhini ya maandishi, na kabla ya kukunyima kazi kwa sababu ya ripoti akupe nakala yake. Idhini ya mtu anayetafuta kazi miezi minane unaijua mwenyewe ni idhini ya aina gani. Desturi ikaenea. Uchunguzi wa chama cha maofisa wa rasilimali watu, SHRM, wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba waajiri 60 kati ya 100 waliojibu walikuwa wakikagua mikopo ya waombaji wote au baadhi yao.

Mwaka 2010 ni mwaka wa kukumbukwa pia kwa sababu nyingine. Uchumi ulikuwa umeanguka mwaka 2008, mamilioni wamefutwa kazi. Aliyefutwa anashindwa kulipa, asiyelipa anachafuka, aliyechafuka haajiriwi, asiyeajiriwa atalipa nini? Programu ikiingia katika mzunguko kama huo usio na mlango wa kutokea, tunaizima. Katika jimbo la Oregon wabunge walikuwa wanajadili kupiga marufuku ukaguzi huu, wakamuuliza Eric Rosenberg wa TransUnion kama kuna ushahidi. Alikiri kwamba wakati huo kampuni haikuwa na utafiti wowote unaounganisha kilichomo katika ripoti ya mtu na utendaji wake kazini, wala na uwezekano wake wa kuiba kwa hila. Muuza bidhaa mwenyewe ndiye aliyesema. Oregon ikapitisha marufuku. Washington ilishatangulia mwaka 2007 na Hawaii mwaka 2009. Illinois, Maryland, Connecticut, California na wengine wakafuata, na jiji la New York mwaka 2015. Karibu zote zimeacha mianya kwa kazi za benki na usalama.

Halafu kuna makosa. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitoa utafiti mwaka 2013: mtu 1 kati ya 5 alikuwa na kosa lililokuja kusahihishwa katika moja ya ripoti zake tatu. Kwa watu 5 kati ya 100 kosa lilikuwa kubwa kiasi cha kuwafanya watozwe zaidi kwa mkopo.

Ningependa kusema marufuku zilimaliza tatizo. Hazikumaliza. Wachumi Alexander Bartik na Scott Nelson walipochunguza majimbo yaliyopiga marufuku walikuta kwamba Wamarekani weusi, ambao wengi walidhani ndio watakaofaidi, walipata kazi kwa shida zaidi kuliko awali. Maelezo yao ni kwamba mwajiri aliyenyang'anywa kipimo kimoja hashiki mikono; anarudi kukisia kwa vipimo vibovu zaidi. Jambo hili nimelifikiria sana. Bado naona kisanduku kisichopimwa hakifai kuwa kwenye fomu, lakini sitamwambia mtu kwamba kukifuta kunatosha.

Na sisi je? Kanuni zetu za CRB zilitolewa mwaka 2008 na kuanza kazi 2009. Leseni ya kwanza ikatolewa 2010, na TransUnion, ndiyo hiyohiyo ya Chicago, ni mmoja wa watatu wenye leseni ya Benki Kuu, pamoja na Metropol na Creditinfo. Katiba ya 2010 nayo ikaja na Sura ya Sita kuhusu uadilifu, na kutoka hapo ikazuka ile safari inayojulikana na kila kijana aliyemaliza chuo: cheti cha polisi, KRA, HELB, EACC, na CRB. Wakati huohuo, Novemba 2012, ikaja M-Shwari, kisha programu za mikopo ya simu zikamiminika, na watu wakaanza kuorodheshwa kwa madeni ya shilingi mia kadhaa. Aprili 2020 Benki Kuu ililegeza kamba: deni lisilofika shilingi 1,000 lisimchafue mtu, cheti cha kwanza kitolewe bure, na wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa wakaondolewa kwenye mfumo. Lakini jina likishaingia vibaya, linaweza kukaa miaka 5 baada ya kumaliza kulipa. Miaka 5! Kijana wa 23 anafika 28.

Wamarekani walau wana kifungu kinachosema nakala ya ripoti imfikie mwombaji kabla ya kukataliwa. Kwetu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka data ikusanywe kwa kusudi lililotajwa wazi, na isizidi kinachohitajika kwa kusudi hilo. Hicho ndicho nilichomwandikia mteja wangu, nikamwomba anitajie kusudi la cheti kwa kila nafasi, moja moja. Kwa mhasibu alikuwa na maelezo. Kwa fundi wa mitambo bado nangoja jibu, na fomu iko hewani bila kisanduku.

Kama unatafuta kazi, ripoti yako unaweza kuipata bure mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila CRB. Iitishe kabla mwajiri hajaitisha, na ukiona deni usilolijua lipinge kwa maandishi. Makala ijayo, stima ikikubali, nitaandika jinsi programu za mikopo zilivyokuwa zikisoma SMS za simu yako.