Korongo kwa Hesabu ya Umri: Historia ya Karatasi Zinazokunjwa kwa Majira

Kila mwaka, kuanzia tarehe 6 hadi 8 Agosti, mitaa ya katikati ya mji wa Sendai, kaskazini mashariki mwa Japani, hufunikwa na mapambo ya karatasi yaliyotundikwa kwenye mianzi mirefu. Hiyo ni Tanabata, sikukuu ya nyota mbili zinazopendana na kukutana mara moja tu kwa mwaka. Mapambo ya jadi ya Sendai ni saba, na kila moja lina ombi lake: vipande vya kuandikia dua, nguo ndogo ya karatasi, mkoba wa fedha, wavu wa wavuvi, kikapu cha taka, mikia mirefu ya rangi, na korongo.

Korongo huyo ndiye anayenivuta. Kwa mila ya Sendai, korongo wa karatasi hukunjwa kwa hesabu ya umri wa mtu mkubwa kuliko wote nyumbani. Bibi akiwa na miaka 83, hukunjwa korongo 83. Mwaka unaofuata, Mungu akijalia, anaongezwa mmoja. Nyumba yenye mzee wa umri mkubwa ndiyo yenye kazi nyingi zaidi, na mwanzi wake ndio unaoelemewa na ndege. Wajapani huhesabu kwamba korongo huishi miaka 1,000, na kobe 10,000. Ndiyo maana wanyama hawa wawili hawakosekani panapotakiwa umri mrefu.

Leo, hata huko Japani, wako wanaodhani kwamba kukunja karatasi, yaani origami, ni mchezo wa watoto ambao wazee hurudishiwa wakikosa la kufanya. Historia yake inawakatalia.

Maandishi ya kale ya Japani yanamtaja mtawa wa Kibuda aliyefika mwaka 610 kutoka Korea, akiwa na ujuzi wa kutengeneza karatasi na wino. Karatasi iliyotokana na ujuzi huo, hasa ile ya nyuzi za mti wa jamii ya mforosadi, ilikuwa ngumu na nyororo kwa pamoja, nayo iliweza kukunjwa na kukunjuliwa bila kuchanika. Lakini ilikuwa ghali. Kwa karne nyingi ilibaki mahekaluni, kasrini kwa mfalme na katika nyumba za watawala.

Kwa hiyo waliokunja kwanza walikuwa watu wazima, tena wenye heshima zao. Katika zama za Muromachi, kati ya karne ya 14 na ya 16, koo za Ise na Ogasawara zilifundisha nyumba za mashujaa adabu za kila jambo, pamoja na namna ya kufunga zawadi kwa karatasi. Zawadi ya aina hii ilikuwa na mkunjo wake, ile ya aina nyingine ilikuwa na wake, na kukosea ilikuwa fedheha. Kwenye zawadi iliambatishwa karatasi iliyokunjwa na kushika ukanda mwembamba wa nyama kavu ya konokono wa baharini, ishara ya heri. Katika arusi, vipepeo wawili wa karatasi, dume na jike, walifungwa kwenye vyombo vya pombe ya mchele. Mikunjo hiyo ilirithiwa kutoka kwa wakubwa, na hakuna aliyeiita mchezo.

Karatasi ilipokuwa rahisi kupatikana, katika zama za Edo, ujuzi uliteremka hadi kwa watu wa kawaida. Mwaka 1797 kilichapishwa mjini Kyoto kitabu kiitwacho Hiden Senbazuru Orikata, kinachotajwa kuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa vya kukunja kwa kujifurahisha. Kina mitindo 49 ya korongo walioungana, wote wakitoka katika karatasi moja iliyokatwa kwa ustadi, bawa kwa bawa, mdomo kwa mdomo. Mbunifu wake alikuwa Gido, mtawa mkuu wa hekalu moja la mji wa Kuwana. Kitabu hicho si cha mtoto. Mkato ukizidi kidogo, kundi zima linaachana.

Kuhusu majira, serikali ya Edo ilitambua sikukuu tano kubwa za mwaka, na karatasi ilikuwa na nafasi katika kadhaa kati ya hizo. Kisha, tarehe 1 Januari 1873, Japani ikaacha kalenda yake ya zamani na kuingia katika ile ya Gregori. Tarehe zikabaki vilevile, lakini majira yakasogea chini yake. Sikukuu ya mabinti ya tarehe 3 Machi, iliyohusishwa na maua ya mfyulisi, ikaangukia siku ambazo mifyulisi mingi haijachanua. Tarehe 7 Julai, siku ya nyota, ikaangukia katikati ya mvua, mbingu zikiwa zimefunga. Ndiyo sababu Sendai husherehekea Agosti, karibu zaidi na majira ya zamani. Kwa maoni yangu, hapa ndipo karatasi ilipopata kazi mpya: ua la karatasi huchanua tarehe inayotakiwa, na nyota yake huonekana hata mvua ikinyesha.

Utoto uliingia baadaye. Mwaka 1876 ilifunguliwa Tokyo shule ya chekechea ya kwanza ya Japani iliyoendeshwa na serikali, ikifuata mafundisho ya Mjerumani Friedrich Froebel, ambaye aliweka kukunja karatasi miongoni mwa kazi za mikono za watoto. Mikunjo ya Ulaya ikachanganyika na ile ya nyumbani. Karatasi za mraba za rangi zikawa nafuu. Vizazi kadhaa vikajifunza korongo, kofia na mashua kabla ya kujua kusoma, na polepole sanaa nzima ikahesabiwa kuwa ya kitoto.

Aliyeitoa hapo ni Akira Yoshizawa, aliyezaliwa mwaka 1911 na kufanya kazi kiwandani, ambako aliwafundisha wanagenzi jiometri kwa kukunja karatasi. Alipoacha kiwanda aliishi kwa dhiki akiuza vyakula nyumba kwa nyumba. Kisha jarida la Asahi Graph likampa kazi ya msimu: wanyama 12 wa mzunguko wa miaka, kwa ajili ya toleo la Januari 1952. Wanyama wale walimtoa gizani. Mwaka 1954 alitoa kitabu chenye alama za mishale na mistari ya vitone, ambazo kwa marekebisho madogo bado zinatumika duniani kote. Aliendelea kukunja uzeeni, akafariki siku aliyotimiza miaka 94.

Wakati huohuo nchi yake ilikuwa inazeeka. Mwaka 1950 watu wenye miaka 65 na zaidi walikuwa chini ya asilimia 5 ya Wajapani. Mwaka 2023 walifika asilimia 29. Mwaka 2000 ilianza bima ya taifa ya utunzaji wa wazee, na vituo vya kutwa vikaenea. Mzee huchukuliwa nyumbani kwa gari asubuhi, huogeshwa, hula, hufanya mazoezi, na alasiri mara nyingi hukaa mezani na wenzake wakikunja. Ukutani kuna picha kubwa inayobadilika mwezi hadi mwezi: vinyago vya mashetani mwanzoni mwa Februari, wanasesere Machi, maua ya micheri Aprili, samaki wa bendera Mei, haidranjia na makonokono katika mvua za Juni, nyota Julai, sungura wa mwezi mpevu Septemba. Septemba hiyohiyo, Jumatatu ya tatu, ni sikukuu ya kuwaheshimu wazee, na hapo hurudi korongo na kobe.

Kwa mtu ambaye kumbukumbu imeanza kumtoroka, ukuta huo ni kalenda. Na mikono yake mara nyingi hukumbuka kuliko yeye, kwa sababu ujuzi wa mikono aghalabu hudumu hata majina yakipotea. Bibi wa Pwani anayesuka ukili huku amekuangalia usoni atakuelewesha jambo hili upesi kuliko mimi.

Kinachoniuma ni namna kazi hii inavyotolewa mahali pengine: karatasi zenye vikatuni, mhudumu akiongea kwa sauti ya kubembeleza watoto. Mwanamke wa miaka 85 aliyejifunza korongo kwa mama yake hastahili kufundishwa sungura kwa makofi. Akiona vigumu, apewe karatasi kubwa zaidi. Ile ya kawaida ina upande wa sentimita 15, na mraba wa 24 huwapunguzia adha vidole vyenye baridi yabisi. Au afanye kusudama. Zamani ulikuwa mfuko wa mitishamba yenye harufu uliotundikwa tarehe 5 ya mwezi wa tano kufukuza maradhi. Leo wengi huunda mpira wa karatasi kwa vipande vingi vinavyofanana. Mwenye mkono mmoja uliopooza hulaza mikunjo kwa kiganja kizima, mwenye macho mazuri huunganisha, asiyeweza lolote kati ya hayo huchagua rangi, na watoto wa shule wakija kutembelea, wazee ndio huwaonyesha pa kuanzia.