Mwitikio: Istilahi ya Kupima Tangazo la Mtandaoni

Wanaouza bidhaa zao kwenye Instagram, Facebook, TikTok na WhatsApp hukutana mara kwa mara na neno “engejimenti”. Hulisikia kwenye semina za ujasiriamali na hulikuta wanapofungua takwimu za akaunti zao. Kitaalamu, neno hilo hutaja vitendo ambavyo watu huvifanya juu ya chapisho: kubonyeza alama ya kupenda, kuandika maoni, kusambaza kwa wengine, kuhifadhi ili kulirudia baadaye, kubofya kiungo, au kumwandikia muuzaji ujumbe wa faragha. Makala haya yanatetea istilahi “mwitikio” kwa dhana hiyo, kwa sababu mwenye biashara ndogo akiishika maana yake sawasawa ataacha kuhangaikia wingi wa wafuasi na atajua afanye nini mtu anapomjibu.

Asili ya neno la Kiingereza ni Kifaransa, na mzizi wake una maana ya rehani, yaani kujifunga kwa ahadi. Ndiyo maana Waingereza hulitumia kwa uchumba, kwa miadi na hata kwa mapambano ya majeshi mawili. Anayelitafsiri kwa kuchukua maana ya kwanza ya kamusi atapotea njia. Istilahi hutafutwa kwa kuiangalia dhana yenyewe: nani anatenda, anatenda nini, na kwa sababu gani.

Yapo maneno mengine yanayotajwa. “Ushirikishwaji” limezoeleka serikalini na kwenye miradi ya maendeleo, lakini huko anayeshirikisha ni mwenye mradi, ilhali mtandaoni anayetenda ni mteja. “Mwingiliano” linafaa pale pande mbili zinapoathiriana, ila halisemi nani alianza na nani alijibu. “Mvuto” ni sifa ya tangazo. Picha ya dera inaweza kuwa na mvuto mkubwa na asitokee hata mmoja wa kuuliza kama lipo la saizi yake.

“Mwitikio” linaziba pengo hilo. Linatoka kwenye kitenzi “ita”, kikazaa “itika”, kikazaa “itikia”. Mtoto wa Kiswahili hufundishwa mapema kwamba akiitwa aitike, wa kike kwa “abee” na wa kiume kwa “naam”. Katika nyimbo tuna kiitikio, na wanaokiimba ni waitikiaji. Magazeti nayo yamezoea kuandika juu ya mwitikio wa wananchi katika uandikishaji wa wapigakura au kampeni ya chanjo. Neno lipo tayari, na wingi wake ni “miitikio”, kwa hiyo linahesabika: chapisho hili limepata miitikio 40.

Hakuna anayeitika pasipo kuitwa, na kwa desturi zetu si adabu kumwita mtu, akaitika, kisha ukamnyamazia. Kwa hiyo istilahi hii inamkumbusha muuzaji mambo mawili yanayofichika kwenye “engejimenti”: kwamba tangazo ni wito, na kwamba baada ya mwitikio zamu ya kusema ni yake.

Tuingie kwenye vipimo. Pembeni ya mwitikio kuna “ufikiaji”, yaani idadi ya akaunti zilizoliona chapisho, kila moja ikihesabiwa mara moja tu. Hii ni tofauti na mara za kuonekana, kwa maana mtu mmoja akilitazama chapisho mara tatu, mara hizo zote huhesabiwa. Kiwango cha mwitikio hupatikana kwa kugawanya miitikio kwa idadi ya waliofikiwa, kisha kuzidisha kwa 100. Tuseme muuza madera wa Kariakoo ameweka picha mbili. Ya kwanza imewafikia watu 800 na kupata miitikio 40, ambayo ni asilimia 5. Ya pili imewafikia watu 3,000 na kupata miitikio 45, ambayo ni asilimia 1.5. Anayetazama ufikiaji peke yake ataisifu ya pili. Anayetazama mwitikio atajiuliza ya kwanza ilisema nini hata watu wakaitika kwa kiasi hicho, na wiki ijayo atalifanyia kazi jibu alilolipata.

Hata hivyo, miitikio haina uzito sawa. Alama ya kupenda hutolewa kidole kikipita. Kuhifadhi chapisho ni dalili ya nia, na kumtumia rafiki ni kumpendekeza muuzaji bila malipo. Anayeandika “Dada, lile la kijani lipo la saizi kubwa? Unatuma Dodoma?” amekwishaanza kununua. Kati ya miitikio 40 ya picha ile, wauliza bei na saizi wakiwa 12, hao 12 ndio wa kushughulikiwa kwanza.

Mwitikio una kazi nyingine isiyoonekana. Mwaka 2016 Instagram ilianza kuacha kupanga machapisho kwa mfuatano wa saa yalipowekwa; kwa kawaida huyapanga kwa kukadiria kila mtu atapenda kuona nini, na sehemu ya makadirio hayo hutokana na akaunti alizowahi kuziitikia. Facebook nayo ilitangaza Januari 2018 kwamba itatanguliza mazungumzo ya ndugu na marafiki, na machapisho ya kurasa za biashara yatapungua mbele ya macho ya watu. Maana yake ni kwamba walioitika leo wana nafasi kubwa zaidi ya kukuona kesho. Wafuasi wa kununua hawaitiki, kwa hiyo wanaongeza namba juu ya ukurasa na kushusha kiwango cha mwitikio. Kuomba kwa hila, kama vile “weka laiki kama unampenda mama yako”, nako hakusaidii: Desemba 2017 Facebook ilieleza kuwa itayashusha machapisho ya namna hiyo.

Mwitikio wa kweli huanza na wito ulio wazi. Taja bidhaa, saizi zilizopo, mahali ulipo, gharama ya kutuma na bei. Desturi ya kuandika “bei njoo inboksi” inamlazimisha mteja kubisha hodi mara mbili, na wengi hawarudi kubisha tena. Mtu akiuliza bei hadharani, ajibiwe hadharani na kwa heshima: “Karibu dada yangu, ni elfu kumi na tano, lipo la kijani na la bluu.” Jibu hilo moja litasomwa na wengine waliokuwa na swali hilohilo wakaona haya kuuliza.

Kwenye WhatsApp, mwitikio wa kwanza wa kuomba ni mteja aisevu namba yako. Orodha ya matangazo, yaani ya kuwatumia wengi ujumbe mmoja kwa pamoja, huchukua hadi watu 256, na ujumbe wake humfikia tu yule aliyeihifadhi namba ya mtumaji. Hali ya WhatsApp, yaani “stetasi”, hudumu saa 24, kwa hiyo inafaa kwa mzigo mpya wa siku hiyo. Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, humwezesha muuzaji kuandaa majibu ya haraka na kuwabandika wateja lebo, ili anayesubiri mzigo asichanganywe na aliyekwishalipa.

Tena, mwitikio wa mteja ni maneno yake. Wauzaji wengi hupiga picha ujumbe wa shukrani na kuuweka hadharani, jina na namba ya simu vikionekana. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Omba ruhusa kwanza, kisha ufiche namba. Aliyeitika kwa wema asije akajuta kuitika.

Basi tuseme mwitikio, miitikio, kiwango cha mwitikio, na tuyatumie maneno haya kwenye semina, kwenye vikundi vya wajasiriamali na kwenye daftari la mauzo. Daftari hilo liwe na safu tatu kwa kila wiki: walioitika kwa swali, waliojibiwa siku hiyohiyo, na walionunua. Safu ya pili ikiwa pungufu kuliko ya kwanza, dawa si kulipia tangazo jingine, bali ni kukaa chini na kuwajibu wateja ambao tayari wameitika.