Vipokea Sauti Visivyo na Waya: Jina na Aina Zake

Mteja anayeingia duka la vifaa vya simu pale Ngamiani, jijini Tanga, akaomba "Bluetooth", humlazimu muuzaji kuuliza: ya kichwani, ya shingoni au ya kuchomeka masikioni? Neno moja limebebeshwa vifaa vingi. Menyu za simu zilizowekwa kwa Kiswahili husema "vipokea sauti", na istilahi hiyo ina mashiko, kwa kuwa imeundwa kama kipaza sauti na kinasa sauti: chombo kimeitwa kwa kazi yake.

Kuongeza "visivyo na waya" ni kutaja kilichoondolewa tu. Mnunuzi anahitaji kujua chombo kinakaa wapi. Vya kufunika sikio hulizunguka lote na kuzuia kelele za nje. Vya kulalia sikio ni vyepesi, ila hupitisha kelele zaidi. Vya shingoni huunganishwa na ukanda unaobeba betri. Vya pacha havina hata uzi kati ya sikio na sikio, na huchajiwa ndani ya kikasha chao.

Ipo aina ya tano inayoufaa sana mji wa Tanga, unaosifika kwa baiskeli. Vipokea sauti vya mfupani hukaa mbele ya sikio na kutetemesha mfupa. Mtetemo hufika sikio la ndani bila kuziba tundu. Mwendesha baiskeli husikiliza taarifa ya habari na bado akaisikia honi ya bajaji iliyo nyuma yake.

Bluetooth yenyewe ni njia ya mawasiliano, na jina lake limetokana na la mtu: Harald Blåtand, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Jim Kardach wa kampuni ya Intel alilipendekeza mwaka 1997. Mawimbi ya redio ya Bluetooth, ya gigahezi 2.4, kwa kawaida huhudumia umbali wa mita 10 hivi, lakini maji huyameza upesi. Ndiyo maana muogeleaji wa Raskazone, Tanga, anayetaka muziki chini ya maji hutafuta vipokea sauti vinavyohifadhi nyimbo ndani yake.

Istilahi inayohitaji uangalifu zaidi ni "kughairi kelele". Maikrofoni ndogo hunasa sauti ya nje, kisha chombo hutoa wimbi lililo kinyume chake ili mawili hayo yafifishane. Ndani ya basi la Tanga kwenda Dar es Salaam, mngurumo wa injini hupungua sana. Lakini mazungumzo ya abiria wa kiti cha jirani hupenya. Kwa hiyo "vya kupunguza kelele" ndilo jina linalostahili kuandikwa kwenye boksi, likifuatana na mahali chombo kinapokaa na njia ya mawasiliano kinayotumia.